Uso wa Mama Mdogo kwenye Bango

4 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana viti vyote vya idara vimebebwa ukumbini, na mimi nimejaa vumbi la mkaa mpaka puani. Nikipiga chafya natoa wino.

Sisi ni wazima. Goti la mama limetulia kidogo, ila akiulizwa hali anasema "bado nipo nipo" kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Binti wa mjomba ameposwa, na mama mkwe ameshaanza kumsahihisha anavyoshika kikombe. Na wewe je? Mikono bado inapasuka kwa ile sabuni ya hospitali? Wale wenzako wa kufua hawajambo? Na lini utanunua simu, jamani? Tangu uhamie huko naenda posta mpaka karani ananiuliza kama nina mchumba jela.

Sasa habari yenyewe. Onyesho la sisi tunaomaliza limekaribia, na kila mmoja anatoa kazi moja kubwa ya kupimwa nayo. Mimi nimekuchora wewe. Ile picha uliyonitumia, umesimama uani nyuma ya chumba cha kufulia, unakunja shuka, umegeuza kichwa kidogo. Nimekuchora kwa mkaa, mkubwa kama mlango. Mwalimu wetu wa michoro alisimama mbele yako muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu mama anasikiliza nini?" Nikamwambia sijui, labda ameitwa.

Wamekichagua kichwa chako kiwe kwenye bango la onyesho! Kuanzia wiki ijayo utakuwa kwenye kuta za chuo na vituo vya basi. Nilitaka nikushtukize baadaye, lakini tumbo langu halihifadhi neno.

Wako mtukutu,
Kibiriti

19 Februari

Kibiriti wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta mzima, na mikono inapasuka kama kawaida. Wenzangu wanakusalimu. Msimamizi wetu amesema ukimaliza masomo uje utuchoree mashine mpya, kwa sababu ile iliyopo imegoma na hospitali haina mpango. Mwambie dada goti hilo alikande kwa maji ya moto, asisubiri lianze kuongea.

Nimefurahi sana kuwa unamaliza. Kweli nimefurahi.

Lakini mchoro huo uteremshe. Na hayo mabango yasitoke. Kama yameshatoka, yabanduliwe. Siupendi uso wangu, sikuwahi kuupenda, na sipendi watu nisiowajua wanitazame. Kuna watu wengi wa kuchora. Mchore msimamizi wangu, ana uso mpana, utatosha bango zima na nafasi itabaki ya maandishi.

Usiniulize sana. Nimekuomba kama mama yako. Nijibu upesi.

Mama mdogo

1 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Huku salama, na mama anakusalimu, ingawa siku hizi hasalimiki. Alipoliona bango pale kituoni alisimama kama amepigwa kofi. "Nani amekuruhusu?" akaniuliza. Nikasema mchoraji haombi ruhusa kumchora mama yake mdogo. Akaingia chumbani, hakula. Nikimuuliza kuna nini, anasema goti.

Nisamehe, lakini nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikasirika. Hata nililia. Barua yako ilifika onyesho limeshafunguliwa, mabango yamebandikwa, na gazeti limeitoa picha. Nikiuteremsha mchoro sina kazi ya kupimwa nayo, na bila kupimwa simalizi. Mkuu wa idara si mtu wa kuambiwa "mama yangu mdogo hataki." Na wewe si mbaya, Mama mdogo. Watu wanasimama mbele yako wananyamaza. Hilo wasanii wengi hawalipati.

Una hata mpenzi wako mmoja. Ni baba wa makamo, kipara, miwani, mpole hasa. Anakuja kila mchana. Anavuta kiti, anakunja mikono ya shati taratibu, mkunjo mmoja mmoja, kama mtu anayejiandaa kula, halafu anakutazama tu. Nilimuuliza kama ni mwalimu wa sanaa. Akacheka kwa sauti ndogo, akasema, "Hapana binti, napenda tu kazi ya mkono." Ameahidi kuja kwenye mazungumzo yangu. Tarehe kumi na nne kila msanii anaeleza kazi yake mbele ya watu, nao wanauliza maswali.

Niambie sababu ya kweli, na nitafikiri. Hiyo ya uso siiamini.

Kibiriti

8 Machi

Mwanangu,

Salamu zote nitazitoa siku nyingine. Barua yako nimeipata sasa hivi, na naandika haraka, usijali mwandiko.

Ulipoandika habari za kukunja mikono ya shati, nilikaa chini hapo hapo kwenye lundo la mashuka.

Hukuambiwa kwa sababu mimi niliomba usiambiwe. Mama yako anajua. Wengine mliambiwa kuwa mimi na mume wangu tuliachana kwa wema na kwamba nimekuja huku kwa kazi. Hatukuachana kwa wema. Sitakuandikia aliyonifanyia. Huu mkono wangu wa kushoto usionyooka, niliokuambia niliteleza bafuni, sikuteleza. Wewe humjui, ulikuwa mdogo sana siku ya harusi, na wakati huo alikuwa na nywele nyingi. Anaongea kwa upole. Hata siku ile ya mkono aliongea kwa upole. Alikuwa anakunja mikono ya shati lake, taratibu, na mimi nilijua kinachofuata.

Mahakama ilimkataza kunisogelea. Amri ninayo, lakini karatasi haizuii mlango. Nilipohama mara ya kwanza alinipata kwa simu. Mara ya pili alinipata kwa rafiki yangu wa kazini aliyedhani anatupatanisha. Ndiyo maana sina simu. Ndiyo maana barua zako zinapitia sanduku la msimamizi. Hakuna mtu kule anayejua mji huu ila wewe na mama yako.

Mwanangu, tafadhali. Usiende kwenye mazungumzo hayo. Ukienda, usiseme niko wapi, wala nafanya kazi gani, wala picha ilipigwa wapi. Akikuuliza, sema ni mtu wa kubuni, umemtoa kichwani. Usimwoneshe kuwa umejua. Na usibaki naye peke yako hata dakika moja.

Naipeleka posta mwenyewe. Mungu aifikishe mapema.

Mama mdogo

26 Machi

Mama mdogo,

Barua yako ya tarehe nane imefika leo. Leo! Karani anasema magunia yalipelekwa mji mwingine kwa makosa yakarudishwa. Nimeisomea pale pale dirishani.

Mazungumzo yalishafanyika. Nilishasema.

Nakueleza kila kitu, kwa sababu lazima ujue anachojua. Ukumbi ulijaa. Yeye alikaa mstari wa mbele. Nilieleza mkaa, nikaeleza vivuli, watu wakapiga makofi. Ukafika wakati wa maswali, akanyoosha mkono kwa heshima.

"Mwalimu," akaniita, na mimi mjinga nikavimba kichwa, "huyu mama ni mtu wa kweli?"

"Wa kweli kabisa," nikasema. "Ni mama yangu mdogo."

"Unampenda sana, inaonekana. Na hilo tangi la maji lenye mistari, nyuma yake, umelibuni?"

"Hapana, lipo. Liko nyuma ya hospitali anakofanya kazi ya kufua."

"Hospitali ya hapa?"

Nikautaja mji, Mama mdogo. Niliutaja kwenye kipaza sauti. Hata nikatania kuwa wewe ukikunja shuka, shuka linakuamkia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo, akasema, "Ahsante. Umenisaidia sana." Tangu siku ile hajaonekana tena ukumbini, na mimi nilikuwa nasikitika kwamba nimempoteza mpenzi wa sanaa.

Nimeuteremsha mchoro mchana huu. Mkuu wa idara alikuja anafoka, onyesho bado halijafungwa, nimeharibu mpangilio, nitafeli. Nikamwambia anifelishe. Mwalimu wa michoro aliona uso wangu, akapanda ngazi akafungua misumari mwenyewe. Kisha tumezunguka naye vituoni kubandua mabango. Mengine hayabanduki, tumeyachana uso kwa kucha.

Nimetafuta namba ya hospitali, nikapiga kwa simu ya idara. Wakaniunganisha na chumba cha kufulia. Nikasikia mashine zinanguruma, halafu sauti ya mwanamke: "Nani anamtafuta?" Nikasema mimi ni mpwa wake. Akasema, "Wiki hii kila mtu ni ndugu yake," akakata. Nimepiga tena, hawapokei.

Nani mwingine amepiga? Ni yeye?

Nimemuuliza mama kwa nini hakunionya siku ile ya bango. Amelia tu. Alikuapia kutosema, anasema, na alidhani ungeniandikia wewe, na kwamba mabango yangeisha bila yule mtu kuyaona. Tumekaa jikoni kama watu wa matanga.

Barua hii haipiti posta. Nampa kondakta wa basi, nimemwapisha aipeleke mkononi kwa msimamizi. Ondoka hapo, Mama mdogo. Usisubiri kumaliza zamu. Ukipata nafasi nitumie hata neno moja.

Sijui nitie sahihi gani.

3 Aprili

Kibiriti,

Niko hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata.

Kondakta wako alifika, mtu mwaminifu, lakini mgeni wako alikuwa ameshatangulia. Aliyekukatia simu ni msimamizi, na anaomba radhi. Siku nilipoipata ile barua yako ya mkunjo wa shati nilimwambia kila kitu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye kazi yoyote. Basi mtu fulani mwenye sauti nzuri alipopiga simu, akidai ni kaka yangu na kwamba mama yetu ni mahututi, msimamizi akamwambia hanijui. Siku hiyo hiyo ukapiga na wewe. Akadhani ni mtego mwingine.

Mimi nilikuwa nimeficha mfuko wangu chini ya meza ya kukunjia. Nguo, vitambulisho, viatu vya kukimbilia. Nilikuwa nimeupima mlango wa nyuma kwa macho mpaka nauona hata nikifumba. Nilisema akija, nitakuwa nimeshavuka barabara kabla hajamaliza kusalimia.

Akaja asubuhi, wakati gari la mashuka linashusha. Niko nyuma ya mashine ya pasi. Sikumwona kwanza, nilimsikia. "Habari za kazi, akina mama." Alikuwa amevaa vizuri, bango lako ameliviringisha kwapani. Akalikunjua, akawaonesha. "Namtafuta mke wangu. Hayuko sawa kichwani. Nyumbani hatulali kwa wasiwasi." Kwa ile sauti, mwanangu, hata mimi ningemhurumia. Dada mmoja mgeni, aliyeanza kazi juzi, akanigeukia. Hakunyoosha kidole, alitazama tu. Ikatosha.

Msimamizi akasimama njiani. "Hapa hakuna mke wa mtu. Kuna wafanyakazi. Toka nje."

Akaanza kukunja mikono ya shati.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mfuko ulikuwa miguuni pangu. Na miguu ikakataa. Nataka ujue hivyo hivyo ilivyokuwa, nisije nikasikia huko kwenu kwamba mimi ni shujaa. Nilijikojolea. Alimsukuma msimamizi, akanishika mkono, ule ule wa kushoto, akaninong'oneza, "Twende nyumbani tusiaibishane."

Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kupiga kelele. Niliogopa majirani watajua. Sasa nikapiga. Sijui ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka wodi zikasikia, wauguzi wakaja, walinzi wakaja, hata mzee mmoja mgonjwa akaja anaburuta chuma chake cha maji ya dripu. Mgeni wako akainua mikono, anatabasamu. "Mnaona? Ni mgonjwa. Nimekuja kumchukua akatibiwe." Nikaona baadhi yao wanasitasita. Nikasema kwa sauti yote iliyobaki: "Huyu mtu mahakama imemkataza kunisogelea. Amenivunja mkono. Muulizeni alinipataje." Msimamizi, midomo inatoka damu, akasema, "Karatasi ninayo ofisini." Nilimpa nakala siku ile ile.

Hapo ndipo walipomshika. Mpaka polisi wanafika alikuwa bado anaongea kwa upole. Yuko mahabusu, na kesi ni mwezi ujao.

Sasa wewe. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilipotoka polisi nilikukasirikia kuliko hata yeye, kwa sababu wewe nakupenda na hasira ilijua njia. Nilikuomba, ukaniambia huamini. Lakini nimekaa nimefikiri. Nilikunyima ukweli halafu nikataka uulinde. Mtu huwezi kukilinda usichojua kipo. Na wewe hukunitafuta ili unidhuru. Yeye ndiye alinitafuta. Usije ukambebea mzigo wake.

Naogopa bado. Nikisikia mtu anasema "habari za kazi" natafuta mlango kwa macho. Wananitaka nisimame mahakamani niseme yote mbele yake. Sijui kama nitaweza mgongo wangu ukiwa wazi namna hiyo, sijui nani amekaa nyuma.

Mama mdogo

11 Aprili

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Mama alinisomea barua yako kwa sauti, akafika kwenye ule mkono akashindwa, nikaendelea mimi, nikashindwa, tukampa jirani. Usikasirike. Jirani sasa anakupenda kuliko sisi.

Nimeenda polisi wa huku na mwalimu wa michoro. Tumeandika maelezo ya yale aliyoniuliza ukumbini, na watu waliokuwepo wamekubali kushuhudia. Wataniita. Nitasema kila neno nililosema, hata lile la shuka kukuamkia, ingawa nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Idara imenipa nafasi ya kuleta kazi nyingine. Sijashika mkaa bado. Nikipita kituoni na kuona kipara kwa nyuma, navuka barabara. Kumbe ndivyo ulivyoishi. Na mimi nilikuwa nakuuliza habari za simu.

Mchoro umeviringishwa, uko kabatini kwa mwalimu, amefunga. Hakuna atakayeuona. Wewe ndiye utakayesema.

Tunakuja, mimi na mama na goti lake. Tutakaa nyuma yako, na mama amesema hampishi mtu kiti hicho, labda yeye abebwe maiti. Ukihisi kuna watu mgongoni, ujue ni sisi.

Kibiriti

9 Juni

Mwanangu,

Mmefika salama? Dada alisahau miwani yake hapa, na anajua alikoisahau, asinilaumu mimi.

Hukumu imetoka jana. Amefungwa miaka minne. Aliposomewa alinigeukia akasema "Nakusamehe," na hakimu akamwambia anyamaze. Watu wananipongeza kazini. Mimi nahesabu nitakuwa na umri gani akitoka. Sitakudanganya kuwa yameisha.

Nilipokuwa nasimulia pale mbele nilisikia mama yako anavuta kamasi nyuma yangu, na wewe unamwambia "shh." Nilitaka kucheka. Mbele ya yule mtu, nikiwa nimekamata mbao ya kizimba mpaka kucha zinauma, nilitaka kucheka. Wakili alidhani nalia.

Kuhusu mchoro: usiuchome, na usiuoneshe. Ukae hapo ulipo. Nilipokuwa nyumbani kwake sikuwa na kioo, alikiondoa, na baadaye nilizoea kutojitazama. Labda siku moja nitakuja nikuombe unifungulie hilo kabati. Sijui ni lini. Chora kazi yako nyingine, umalize masomo.

Jambo la mwisho, dogo tu, sijamwambia mtu. Jana joto lilikuwa kali sana. Nilirudi nimechoka na maneno ya mahakamani, nikafungua mlango, ule ninaoufunga makomeo mawili hata mchana, upepo uingie, nikakaa kitandani nivue viatu. Nimeamka asubuhi na viatu vyangu miguuni, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, na mlango wazi.

Mama mdogo